Mkono Unafanya Kazi

Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, fundi mihuri aliingizwa kwenye daftari la utafiti la hospitali kuu akiwa mgonjwa wa thelathini na moja. Daftari linaonyesha kwamba upasuaji wake ulianza saa tatu na dakika ishirini asubuhi na kumalizika saa nne na nusu, na kwamba mshipa wa vena wenye upana wa milimita tatu na nusu uliunganishwa na ateri juu kidogo ya kiwiko cha mkono wa kushoto. Kwenye safu ya mwisho, yenye kichwa "Maelezo mengine", daktari wa upasuaji aliandika maneno mawili kwa kalamu ya bluu: "Hakuna pengine."

Fundi alikuwa na miaka arobaini na tisa. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa, na kila Jumatano na Jumamosi alilazimika kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu kwa saa nne. Mashine hiyo ina pupa. Kila dakika inataka damu ya kujaza glasi moja ya chai na kidogo zaidi, iitoe, iisafishe, iirudishe. Mshipa wa kawaida wa mkono hauwezi kutoa kiasi hicho, ukilazimishwa, unanywea. Ndiyo maana daktari huuchukua mshipa wa vena, ulio laini na mvivu, akaushona kwenye ateri, ambako damu hupita kwa kishindo. Baada ya wiki sita hivi vena hunenepa, ukuta wake ukawa mgumu, na sindano mbili nene zikaweza kuchomwa humo mara mbili kila wiki kwa miaka.

Mgonjwa mwenye bahati ana sehemu kadhaa za kushonwa hivyo. Fundi alibaki na moja. Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimejaribiwa kwenye hospitali nyingine kikaziba baada ya siku kumi na mbili. Mishipa ya mkono wa kulia ilikuwa imeharibiwa na dripu na sindano za miaka miwili. Shingoni alikuwa amewekewa mipira ya plastiki ya kupitishia damu mara tatu, upande huu na upande ule, na kila mpira uliacha kovu ndani, mpaka mishipa mikubwa ya shingo ikasinyaa pande zote.

"Huu ndio mkono wetu wa mwisho," daktari alimwambia siku ile. Fundi anakumbuka kwamba alisema "wetu".

*

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ofisi la ghorofa nne, mahali ambapo mtu mrefu huingia kwa kuinama na hutoka kwa kujigonga. Ndani kulikuwa na kigoda kimoja, ubao wa kuweka mapajani, taa yenye shingo ya kupinda, visu vitano, vipande vya mpira wa kuchonga na kioo kidogo cha mezani. Nje, kwenye ukuta, alibandika karatasi yenye sampuli za kazi zake: IMEPOKELEWA, NAKALA HALISI, SIRI, MHASIBU MKUU. Watu waliokuwa wakisubiri walipenda kuzisoma kwa sauti, na wengine walikuwa na utani wa kuuliza kama ana muhuri wa kumnyamazisha mke.

"Upo," alikuwa akijibu. "Ila mteja wa kwanza aliyeununua hajarudi kuniambia kama ulifaa."

Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake akiwa na miaka kumi na sita. Muhuri huchongwa kinyume, ili ukigonga karatasi maneno yatoke sawa. Wiki ya kwanza mjomba alimpa herufi zisizojua kugeuka: A, H, I, M, O, T, U. Kijana akadhani amefuzu. Wiki ya pili akapewa S na N, akaharibu mpira wa siku nne. Tangu hapo alizoea kuyaangalia maneno kwa mashaka. Alikuwa mtu wa kurudisha oda kwa mteja na kumwambia, kwa adabu, kwamba katibu wake ameandika "muhutasari" na neno hilo halipo. Mashine za kompyuta zilipokuja, ofisi nyingi zilimkimbia. Waliobaki walikuwa wale waliotaka muhuri uliochongwa na mtu anayesoma anachokichonga.

Mkono wa kulia ulishika kisu. Wa kushoto ulishika mpira, ukauzungusha kidogo kidogo kuelekea ncha ya kisu, ukaujua unene wake. "Wa kulia anakata tu," alikuwa akisema. "Mwenye kazi ni wa kushoto."

Mwaka 2017 viatu vilianza kumkataa. Alinunua jozi kubwa zaidi, kisha nyingine kubwa kuliko hiyo. Mke wake, mpiga pasi kwenye duka la dobi, alivitazama vile viatu mlangoni.

"Baba, hivi vingine ukileta tutavipandia kuvukia mto."

"Miguu imechoka tu, Mama. Nakaa sana."

"Uso nao unakaa?"

Uso ulikuwa umevimba pia. Ilikuwa presha, iliyofanya kazi yake kimyakimya kwa miaka mingi bila mtu kuipima. Alipowekewa mpira wa kwanza shingoni, alimwambia muuguzi, "Miaka thelathini nakata mpira. Leo mpira umenikata mimi." Muuguzi alicheka. Mke wake, aliyekuwa amesimama kando na mkoba wake kifuani, hakucheka.

*

Daktari wa upasuaji ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye sauti ndogo na tabia ya kusimama huku akiwa ameegemea ukuta kwa bega. Wagonjwa wa chumba cha mashine humwita Mama Bomba, kwa sababu kazi yake ni mabomba: kuunganisha, kuzibua, kuziba panapovuja. Anajua kwamba wanamwita hivyo. Siku moja alipochelewa alisikika akisema mlangoni, "Fundi bomba amefika, nani anavuja?"

Utafiti wake ulianzia kwenye chumba cha kuhifadhia mafaili. Alitaka kujua jambo lililoonekana dogo: mikono anayoishona hudumu muda gani? Alikaa humo wiki tatu, akapitia mafaili ya wagonjwa mia mbili na kumi. Katika mengi alikuta sentensi moja, "haipitishi damu tena", bila siku, bila sababu. Kwenye kikao cha idara aliwaambia wenzake kwamba hospitali ina makaburi mengi yasiyo na tarehe, na kwamba baadhi ya waliozikwa humo walizikwa wakiwa hai.

Alimaanisha hivi. Mshipa ulioshonwa ukiziba, donge la damu lililo ndani hubaki laini kwa muda wa siku mbili hivi. Mgonjwa akifika ndani ya muda huo, daktari anaweza kufungua, akalitoa, na mara nyingi damu ikapita tena. Akichelewa, donge hukauka na kushikamana na ukuta wa mshipa, na hapo hakuna cha kuokoa. Wagonjwa wengi wanaishi mbali na huja siku ya mashine tu. Hivyo daktari akapanga utafiti wenye wagonjwa mia moja na kumi na wawili, simu moja, na muuguzi mmoja ambaye kila Ijumaa angewapigia na kuwauliza maswali saba. Jibu baya likipatikana, mgonjwa anaitwa siku hiyohiyo.

Ugumu ulikuwa kwenye neno. Kitaalamu, muungano huo wa vena na ateri huitwa fistula. Lakini fistula, kwa watu wote wanaosikiliza redio na kusoma mabango ya zahanati, ni jeraha la mwanamke aliyepata uzazi mgumu, linalomfanya avujwe na mkojo. Mgonjwa wa nne wa utafiti, mwanamume muuza vipuri vya baiskeli, alipofika kwenye neno hilo kwenye fomu ya ridhaa aliweka kalamu chini.

"Sista, mimi nimezaa lini?"

Mgonjwa wa tisa, mama wa makamo, alitia sahihi bila neno, lakini wiki iliyofuata mawifi zake walijaa nyumbani kumpa pole kwa aibu ambayo hakuwa nayo. Daktari alijaribu kusema "njia ya damu". Wagonjwa wawili wakajibu kwamba hawajawahi kuongezewa damu. Mwishowe alifanya kile ambacho wagonjwa wenyewe walikuwa wakifanya siku zote. Wao walisema tu "mkono". Mkono wangu umeziba. Mkono wa fulani umefunguliwa jana. Neno lilikuwa fupi, safi, lisilomwaibisha mtu. Kwenye fomu ya simu, swali la tano, ambalo kwa lugha ya kitabibu liliuliza kama fistula inapitisha damu, likaandikwa: "Mkono unafanya kazi?" Pembeni palikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana.

Kamati ya maadili ya hospitali iliisoma fomu hiyo. Watu sita walitia sahihi.

*

Mkono wa fundi ulikomaa vizuri. Mshipa uliinuka chini ya ngozi kama kamba, na ukiwekewa vidole ulitetemeka, mtetemo mwembamba usiokatika, wa damu inayopita kwa haraka. Kila mgonjwa hufundishwa kuugusa kila asubuhi. Fundi aliuweka sikioni siku ya kwanza aliporudi nyumbani, akamwita mke wake.

"Mama, njoo usikie. Nimewekewa paka."

Kweli ulikoroma kama paka aliyeshiba. Kuanzia hapo nyumba ilikuwa na paka. Mke wake, akiamka kwenda kwa dobi, aliuliza kwanza, "Paka kaamkaje?" na fundi, macho bado yamefumba, aligusa kiwiko akajibu, "Anakoroma." Alilala chali, mkono juu ya mto wake peke yake. Hakuvaa saa. Hakubeba mfuko kwa mkono ule. Sokoni mke wake alibeba vyote, na wanawake wenzake walipomtania kwamba ameoa badala ya kuolewa, aliwaambia wamtafutie mahari.

Chumba cha mashine kilikuwa na vitanda kumi. Jirani wa fundi alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyekuwa akipiga hesabu za kila kitu, hata za maji yaliyotolewa mwilini mwa wenzake.

"Fundi, leo umetolewa lita tatu. Ulikunywa ziwa?"

"Ni machozi, Mwalimu. Nilikuwa nakuwaza wewe."

"Ukitaka kufa nichongee muhuri kwanza. MAREHEMU ALIKUWA MUONGO."

"Herufi nyingi mno kwa mtu mfupi kama wewe."

Hali ilikwenda hivyo kwa miaka miwili na miezi sita. Sista wa Ijumaa alipiga simu, fundi akajibu, visanduku vikajazwa.

Jumatano, tarehe 6 Oktoba 2021, presha ya fundi ilishuka sana akiwa kwenye mashine. Ilipandishwa, akapumzishwa, akarudi nyumbani. Alhamisi asubuhi mke wake aliuliza swali lake la kila siku, na safari hii jibu lilichelewa.

"Amelala," fundi alisema.

"Amelala vipi? Ametulia, au hayupo?"

"Amelala, Mama. Mwaka jana pia alilala hivi, nikanywa maji, mchana akaamka."

"Twende hospitali."

"Kesho ni Ijumaa. Sista atapiga. Akiuliza nitamwambia."

Mke wake anasema alisimama mlangoni na begi la kazi kwa muda ambao chai ingepoa. Kadi ya hospitali, iliyobandikwa kwenye kabati, ilisema wazi kwamba mtetemo ukikosekana mgonjwa apige simu mara moja. Fundi alikuwa ameisoma. Alikuwa ameirekebisha hata kosa moja la tahajia kwa kalamu. Alikunywa maji, akaenda kibandani.

Simu zote za utafiti zilirekodiwa. Ile ya Ijumaa, tarehe 8 Oktoba, ilipigwa saa tano kasoro dakika kumi asubuhi na ilichukua dakika moja na sekunde hamsini na mbili.

"Fundi, habari za leo? Sista hapa."

"Sista wa Ijumaa! Nzuri. Nilidhani umenisahau."

"Nikusahau wewe? Haya, maswali yetu. Homa?"

"Hakuna."

"Uvimbe, wekundu, usaha?"

"Hakuna, hakuna, hakuna."

"Damu baada ya sindano?"

"Ilikata mapema."

"Umelazwa popote tangu tulipoongea?"

"Popote ni kitandani kwangu tu."

"Mkono unafanya kazi?"

Hapa, kwenye rekodi, pana kimya cha sekunde mbili, na sauti ya mtu wa tatu akiuliza kama atasubiri sana.

"Unafanya kazi, Sista. Hivi sasa umeshika muhuri wa watu wa bima, na mwenyewe kasimama hapa ananitolea macho."

"Basi usimcheleweshe. Maumivu?"

"Hakuna."

"Jumamosi unakuja saa ngapi?"

"Saa moja, kama kawaida."

"Tuonane kesho. Salimia nyumbani."

Fundi alisema ukweli. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika mpira, na kwa saa ya ukutani ya jengo lile muhuri wa bima ulikamilika saa sita kasoro robo. Siku hiyo alichonga mihuri minne.

*

Jumamosi ilikuwa zamu ya sista yuleyule kwenye chumba cha mashine. Aliweka vidole vitatu juu ya kiwiko cha fundi huku akizungumza na mtu mwingine. Akavisogeza juu, akavirudisha chini. Akachukua kifaa cha kusikilizia moyo, akakiweka palepale, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Fundi, tangu lini?"

"Alhamisi asubuhi."

"Alhamisi? Lakini jana umeniambia unafanya kazi."

"Uliniuliza kama unafanya kazi."

Mwalimu, aliyekuwa tayari ameunganishwa kwenye mashine kitanda cha jirani, aligeuza uso ukutani.

Daktari aliitwa kutoka nyumbani. Mkono ulifunguliwa saa sita na dakika kumi mchana, saa hamsini na tatu hivi baada ya fundi kuukuta kimya. Ulizima saa ngapi hasa hakuna anayejua, na ripoti ya upasuaji inasema hivyo. Donge lilitoka vipande vipande. Mara mbili damu ilipita, mara ya kwanza dakika nne, ya pili dakika kumi na moja. Mara ya tatu ukuta wa mshipa, uliokwisha kuliwa na uvimbe, ulichanika urefu wa sentimita mbili. Saa tisa na robo daktari aliufunga kwa uzi pande zote mbili. Kabla ya fundi kuamka vizuri aliwekewa mpira kwenye mshipa wa paja la kulia, kwa sababu mashine haikuweza kusubiri.

Mpira wa pajani ni njia ya dharura. Uko karibu na mahali pachafu pa mwili, hupata vijidudu upesi, huziba upesi. Kwenye hospitali hii wastani wake ni miezi michache. Daktari alimweleza fundi yote hayo Jumatatu, akiwa ameketi kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo wauguzi walilitazama kwa mshangao kwa sababu huwa haketi.

"Sista anasema ulijibu ndiyo," daktari alisema.

"Ulikuwa unafanya kazi, Daktari. Vidole vyote vilikuwa vizima."

"Hukudhani tunauliza habari za mshipa?"

Mke wake, aliyekuwa upande wa pili wa kitanda akikunja shuka iliyokwisha kukunjwa, alisimamisha mikono.

"Nilidhani," fundi alisema. "Sitakudanganya. Nilijua mnauliza nini. Lakini niliogopa, na swali likaniachia mlango. Kama lingenishika, ningesema."

Mke wake aliweka shuka chini, akatoka nje. Alirudi baada ya nusu saa, uso umeoshwa, na chupa ya maji ambayo hakuna aliyeiomba.

*

Majuma manne yaliyofuata daktari alisikiliza rekodi. Alizisikiliza zote, jioni baada ya kazi, kwenye chumba cha mafaili. Alikuta ndiyo ishirini na tatu zilizotolewa na watu ambao mikono yao ilikuwa imeziba au ilikuwa ikiziba. Msusi mmoja alikuwa amejibu, "Unafanya kazi, jana nimesuka vichwa vitatu." Seremala alikuwa amejibu kwamba unafanya kazi ila misumari ya siku hizi ni mibovu. Mama mmoja alijibu kwamba haufanyi kazi, akaitwa hospitali haraka siku ya mvua, na mshipa wake ulikutwa mzima kabisa. Alikuwa ameachishwa kibarua.

Matokeo ya awali ya utafiti yalikuwa yamekubaliwa kusomwa kwenye mkutano wa madaktari wa upasuaji. Yalisema kwamba mikono themanini na minne katika kila mia ilikuwa ikipitisha damu baada ya mwaka mmoja, idadi nzuri, iliyokuwa imemfurahisha kila mtu. Mkuu wa idara alimshauri asahihishe zile ishirini na tatu aendelee.

"Hizo ndizo nilizozijua," daktari alimjibu. "Zile nisizozijua nizisahihisheje?"

Aliandika barua ya mistari minne, akayaondoa matokeo kwenye mkutano. Kazi ya miaka miwili na nusu ikarudi kuwa fomu zilizojaa tiki.

Ilipofika wakati wa kuandika swali upya, alilipeleka kwenye chumba cha mashine, kitanda cha sita. Alikuwa ameandika, "Mkono wako unatetemeka?"

Fundi aliisoma karatasi kwa muda wake. Alikuwa amepungua, mashavu yalikuwa yameingia, na mguu wa kulia ulinyooshwa ili mpira usikunjike.

"Hili mtapata walevi wote," alisema. "Na wazee. Mimi mwenyewe nikimwona mwenye nyumba unatetemeka."

"Basi sema wewe. Wewe ndiye unayelipwa kwa maneno."

"Kwanza ondoa visanduku. Ukimpa mtu kisanduku anaingia ndani na kufunga mlango. Muulize: leo asubuhi umegusa kovu lako, umesikia nini? Kisha unyamaze. Akisema paka, akisema mashine ya kusaga, akisema hakuna kitu, andika alivyosema."

"Na kama hakugusa?"

"Si utamsikia anavyohangaika?"

Mwalimu alihesabu maneno kwa vidole. "Saba," alisema. "La zamani lilikuwa matatu. Sista atadai nyongeza."

"La zamani lilikuwa fupi, ndiyo," fundi alisema, akairudisha karatasi.

Swali hilo ndilo linaloulizwa sasa kila Ijumaa, kama lilivyo. Katika miezi mitano ya kwanza wagonjwa tisa waliitwa kwa sababu ya majibu yao, na mikono saba ilifunguliwa ikapitisha damu. Muuza vipuri vya baiskeli ni mmoja wao. Alisema amesikia "kama redio iliyokosa stesheni". Sista, anayepiga simu hizo bado, hunyamaza baada ya kuuliza, na wakati mwingine hunyamaza muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Kibanda cha chini ya ngazi kimefungwa. Kigoda ni kifupi, na mtu akikikalia paja hukunjika palepale mpira unapoingilia. Fundi alijaribu siku tatu, na ya tatu mpira uliziba, ikabidi uzibuliwe hospitali. Mkono wa kushoto, ambao sasa hauna mshipa wa kulindwa, uko huru kabisa. Unabeba mfuko, unalaliwa, unavaa saa. Visu vitano vimefungwa kwenye kitambaa juu ya kabati. Kuna mchana mke wake humkuta ameketi kitandani, mguu umenyooka, kipande cha mpira mkononi, akikizungusha kidogo kidogo bila kisu.

"Unatengeneza nini, Baba?"

"Hakuna. Nakishika tu."

Asubuhi hakuna anayemuuliza mwenzake kitu. Mke wake anasema kwamba kwa wiki kadhaa mdomo ulikuwa ukifunguka wenyewe, swali limekwisha kufika, akaligeuza kuwa jambo la chai au la mvua. Sasa anaondoka mapema, kabla fundi hajaamka.

Mwezi uliopita fundi alipata homa mara mbili. Paja la kulia limeanza kuvimba, na vipimo vinaonyesha vijidudu kwenye damu. Jumatano ijayo saa mbili asubuhi daktari atautoa mpira huo na kuweka mwingine kwenye paja la kushoto. Fomu ya upasuaji imekwisha kujazwa, na mke wake ametia sahihi. Mpira huo mpya ukishindwa, hakuna mshipa mwingine uliobaki wa kuwekea mpira.